Walirudishiwa Stima, Mimi Nikabaki Bila Mama

Nina miaka thelathini na moja, mama wa wasichana wawili, na hadi mwaka jana nilikuwa naishi Kaptembwo, hapa Nakuru. Naandika haya nikiwa kwa baba yangu, upande wa Molo. Nikirukaruka mnivumilie... kidonda bado ni kibichi.

Ploti yetu ilikuwa ya mabati, nyumba za kupanga zikitazamana, bomba moja la maji, na waya mrefu wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye nguzo ya chuma iliyoleta nyaya za stima kutoka barabarani. Nilipohamia, jirani yangu Mama Brian ndiye aliyenikaribisha. Kabla hata ya kuniuliza jina aliniambia, "Ukienda kuanika, vaa patipati. Stima yetu husalimia watu."

Nilicheka. Sote tulikuwa tunacheka. Siku za mvua ukigusa ule waya bila viatu, mkono ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Watoto waliufanya mchezo, wanagusa kwa kidole halafu wanatoroka. Tulimwambia keateka, msimamizi wa ploti, akasema atamwambia landilodi. Tukamwambia tena, akasema ameshamwambia. Landilodi mwenyewe aliishi Nairobi na wengi wetu hatukuwahi kumwona uso. Basi tukazoea. Niambieni, mtu huzoeaje kitu kama hicho? Lakini tulizoea, vile watu huzoea jirani mlevi.

Nilipojifungua mtoto wa pili, mama alishuka kutoka Molo kuja kunisaidia. Mtoto alikuwa wajina wake, kwa hivyo hakungoja kuitwa. Alikuja na kuku, unga wa wimbi na viazi vya kunitosha mwezi. Mume wangu alikuwa kibarua huko Naivasha kwa mashamba ya maua, anarudi wikendi tu, kwa hivyo nyumba ikawa ya sisi wanawake.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipomweleza ile habari ya patipati, aliniangalia kama nimerukwa na akili.

"Hiyo stima ni ya nani?"

"Ya landilodi, mama."

"Na yeye analala hapa?"

Nikamwambia yuko Nairobi. Akasema nyumba inayouma watu si nyumba. Nikamjibu ati hayo ndiyo maisha ya mjini, atazoea. Mnaona ujinga wangu? Mtu wa shamba ndiye alishtuka, na mimi niliyejiona mjanja ndiye nilimfundisha kuishi na kifo mlangoni.

Alasiri moja nilikuwa nanyonyesha. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu mitupu, akikunja nguo za mtoto. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Mama akasema, "Nepi zitalowa," akachukua beseni na kutoka mbio. Nani kati yetu hajawahi kukimbia hivyo kuanua nguo? Hakuna anayetafuta viatu kwanza.

Nilisikia beseni likianguka. Nikamwita. Hakuitika...

Nilipotoka, mama alikuwa ameshika waya, mwili wote ukitetemeka. Nilitaka kumrukia, lakini Mama Brian alinivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Mtu mwingine akaupiga waya kwa ubao hadi mama akaanguka kwenye matope. Nepi moja ilikuwa bado begani mwake. Tulimfikisha hospitali akiwa ameshaenda.

Watu wa kampuni ya stima walikuja na kukata stima ya ploti nzima. Walituonyesha waya unaotoka kwenye mita kwenda kwa nyumba, umechubuka na kuilalia ile nguzo. Wakasema kazi yao inaishia kwenye mita, kutoka hapo ni mzigo wa mwenye nyumba. Landilodi naye akasema kwa simu kwamba waya wa nguo ni wa wapangaji, na yeye hajawahi kuambiwa kuna shida. Keateka akaapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwake.

Nikasema sawa, nitamshtaki kwa chifu na kwa polisi, mashahidi ninao. Ploti nzima.

Tulipomzika mama, majirani wote walipanda Molo kulia na mimi. Lakini tuliporudi, landilodi alikuwa ametuma neno: stima haitarudi mpaka maneno yangu yaishe. Jirani anayeuza maziwa, yakaanza kumharibikia. Kinyozi akafunga. Watu wakaanza kupita mlangoni kwangu bila salamu, kana kwamba ni mimi niliyeleta giza...

Halafu wakaja pamoja, Mama Brian akiwa mbele. Wakaniambia kwa upole kwamba mama ameenda na harudi, na wao wana watoto wa kusoma. Niliwauliza, angekuwa mama yenu?

Mbele ya chifu nilimwomba Mama Brian aseme tu yale aliyoniambia siku ya kwanza. Mwanamke aliyeniokoa na kifo kwa mikono yake! Akasema hajawahi kuhisi chochote kwenye ule waya. Polisi nao wakaniambia bila shahidi hawana pa kushika.

Siku chache baadaye fundi alikuja, akabadilisha waya, na kufikia wakati wa chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Asubuhi moja tu. Stima iliporudi ploti ilipiga makofi. Mimi nilikuwa ndani nafunga virago, nikilia ndani ya leso ili mtoto asiamke.

Baba hakunigombeza nilipofika na wasichana wangu, mume wangu akibaki kibaruani Naivasha. Aliniuliza swali moja tu, kama tulikuwa tumemwambia mwenye nyumba.

"Tulimwambia keateka, baba."

"Na yeye alimwambia nani?"

Sikujua. Baba akatingisha kichwa polepole. "Basi hamkuwa mmemwambia mtu," akasema, akaenda kufungulia ng'ombe.

Ndugu zangu mnaoishi kwa ploti, nawasihi. Nyumba ikikupiga shoti, usiizoee na usiifanyie mzaha. Usimwachie keateka. Tafuteni mwenye nyumba, mwendeeni wote kwa pamoja, na asiporekebisha, hameni mkiwa bado mnapumua. Na kama kuna jirani yako mmoja amesimama kulalamika leo, simama naye leo. Mimi nilisimama peke yangu, na nilipoanza kusimama mama alikuwa tayari mchangani.