Tupunguze Mwendo

Jumamosi ile karakana ya pamoja pale Grand Rapids ilikuwa imefurika watu, kelele na vumbi la mbao. Tess Hoekstra, mchonga mabango, alikuwa kwenye foleni ya ile mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta. Alivaa ovaroli la jinzi lililojaa rangi, nywele kazifunga kwa kitambaa chekundu. Mbele yake kijana mrefu wa shati la drafti alikuwa ameiachia mashine ikimbie, na kila ikifika kona inalia tak-tak-tak, meza nzima inatetemeka.

"We kaka, unachonga au unatwanga?"

"Nina haraka, dada."

"Mashine haina. Umeiambia iingie kona mbio. Ukikimbia hivyo hapo nje kwenye barafu, utabaki na meno?"

Akamsukuma pembeni kwa nyonga, akashusha namba mbili kwenye skrini: moja ya jinsi mashine inavyochukua kasi, nyingine ya jinsi inavyokata kona. Mtetemo ukaisha. Ikabaki sauti moja nyororo.

"Loo! Unaitwa nani, nikuoe?"

"Tess. Na foleni ya kunioa iko nyuma ya hii."

Kijana, Emmett Vandrell, akacheka mpaka miwani yake ya kazi ikadondoka. Wakapendana, tena wakapendana kweli. Emmett alimwita Bi Taratibu, Tess akamwita Mbio. Simu haziishi.

"Mbio, umekula?"

"Nimekula kona uliyochonga jana, mpenzi. Laini kama siagi."

"Mwongo mkubwa! Njoo nikupikie supu."

Majira ya baridi yakaingia. Ijumaa moja Emmett akamwalika kwenye mgahawa wa baga waliouzoea. Tess akaja na gauni la kijani, kanukia, hadi mhudumu hakumtambua bila vumbi. Emmett jasho linamtoka na nje theluji inaanguka. Akasukuma mezani kisanduku cha mti wa jozi.

"Tess, mimi nataka twende mbele. Mimi na wewe. Sitaki kungoja tena."

Sasa hapa ndipo ninapotaka kumzaba mtu kibao. Mwanamke mwingine yeyote angefungua kile kisanduku. Huyu akapitisha kidole kwenye kona ya kifuniko, akagusa vile vijino vinavyoachwa na mashine iliyokimbizwa, akasahau dunia.

"Unakimbia mno, mpenzi," akasema, macho kwenye mbao. "Tupunguze mwendo."

Mjini kwetu mtu akikwambia mpunguze mwendo, anakuacha kwa adabu. Emmett akakichukua kisanduku, akakitia mfukoni, akalipa, akamsindikiza hadi kwenye gari lake. Wiki iliyofuata akapata kazi Duluth, mji wa mbali, akaondoka. Tess akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Kisha kiburi kikamshika: kama kanichoka, na aende! Mchana alicheka na watu karakana, na usiku alilala na shati la drafti ambalo Emmett aliliacha kwake. Lilipoisha harufu yake, alilia kwa sauti.

Mwaka mmoja na ushei ukapita. Siku hiyo Tess anachonga bango la duka la mikate, akasikia mtu nyuma yake.

"Bado unaibembeleza, Bi Taratibu?"

Emmett alikuwa amekuja kuchukua vibanio vyake vya mbao. Amenenepa kidogo. Moyo wa Tess ulipiga hadi akazima mashine.

"Ulinikimbia bila hata kwaheri."

"Wewe ndiye uliyesema tupunguze mwendo. Nakuposa, unanijibu hivyo!"

"Unaniposa? Lini?"

Emmett akatoa kisanduku kwenye begi, akakiweka juu ya meza ya mashine. Tess akakitazama, akashika mdomo.

"Emmett... nilikuwa nasema kona. Kona ya kisanduku!"

Emmett akavua miwani, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Ungeniuliza," akasema Tess.

"Na wewe ungefungua."

"Pete iko wapi?"

"Duluth. Anayo Paige. Tunaoana mwezi wa tano." Akamsogezea kisanduku. "Kisanduku sikuweza kumpa. Ni chako."

Akamshika shavu, akabeba vibanio vyake, akatoka. Tess hakumwita. Angemwita, angerudi, na walijua wote wawili.

Alikaa pale akipapasa ile kona iliyomponza. Msasa ulikuwa mfukoni mwa ovaroli, hakuutoa. Halafu, kwa mara ya kwanza, akafungua kifuniko. Kwa ndani lilichongwa jina lake, TESS, herufi nene zenye mikunjo migumu. Akapitisha kidole kona moja baada ya nyingine, akitafuta vijino. Havikuwepo. Huku ndani Emmett alikuwa amepunguza mwendo.