Vumbi la Uwanja wa Shabaha

"Barua hii ina miezi minne. Nieleze."

Askari alisimama mlangoni mbele ya mkewe, kofia mkononi. Gwanda lake lilijaa vumbi la kijivu la uwanja wa shabaha, alikowafundisha wenzake kulenga. Binti yao wa miaka mitatu alimkimbilia.

"Usimguse!"

Mkewe, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mtoto akaanza kulia.

Asubuhi hospitali ilikuwa imemwambia kwamba damu ya mtoto ina sumu ya madini ya risasi. Akapekua sanduku la mumewe, akakuta barua ya daktari wa kikosi: damu yake ina sumu hiyohiyo kutokana na vumbi la uwanjani, aoge na kubadili nguo kazini, sare asiipeleke nyumbani.

"Ulivyokuwa unaficha karatasi, nilidhani una mwanamke. Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua pa kumkuta."

"Mama watoto, ningesema wangeniondoa uwanjani. Na wenzangu wangenicheka, askari gani anaogopa vumbi."

"Wakucheke! Mimi nimefua hilo gwanda beseni moja na nguo za mwanao. Umenifanya nimlishe sumu kwa mikono yangu."

Mkewe akambeba mtoto, akaenda kwa mama yake.

Usiku ujumbe ukaingia: *Nisamehe mke wangu.*

Akajibu: *Msamaha hauoshi damu. Kamwambie mkuu wako.*

Siku tatu zikapita. Mama mtu akasema, "Mwanangu, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, mama. Hasira ndiyo faida yangu."

Siku ya nne askari akabisha hodi. Alivaa kiraia, nywele bado mbichi kwa maji.

"Nimemwonyesha mkuu barua yangu na cheti cha hospitali cha mtoto ulichokiacha," alisema. "Kanifokea, nami sikuondoka. Tumepimwa kumi na wanne, saba wana sumu. Uwanja umefungwa. Mimi nimepelekwa kulinda geti."

"Wamekucheka?"

"Wawili. Wa tatu ana mtoto mchanga. Alikaa chini akalia."

Mkewe alikuwa na hasira bado, na hakuona haya nayo.

Mtoto alitoka chumbani mbio, akamwona baba yake, akasimama ghafla. Akaficha mikono mgongoni, akamgeukia mama yake.

"Mama, nimguse?"

Askari akafunika uso. Mkewe akamwondolea mikono usoni, akaikagua kucha kwa kucha, akaishikilia.

"Mguse," alisema.