Aliyeitika Maporomokoni

Harufu ya udi iliwafikia katikati ya msitu, mahali pasipo na nyumba wala moshi. Mama Njia, aliyekuwa akitembeza wageni kisiwani, alinusa, akasimama. Nyuma yake walikuja fundi cherehani na mkewe mwalimu, maharusi wa juzijuzi, wakishangaa kila kitu: majani mapana kama mikeka, vipepeo, mizizi iliyokumbatia miamba.

"Kuanzia hapa," Mama Njia alinong'ona, "ukiitwa usiitike mpaka umwone anayekuita."

Mwalimu akacheka. "Mama, mimi kutwa naitwa na wanafunzi. Kujifanya kiziwi ndiyo kazi yangu."

Kwenye maporomoko, maji meupe yalimwagika katika kidimbwi cheusi. Hakuna ndege aliyelia. Fundi aliinama kunawa uso, na papo hapo sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake, ikatoka ng'ambo ya kidimbwi: "Mke wangu, njoo uone!"

"Abee!" akaitika mwalimu.

Mama Njia alimziba mdomo, lakini neno likishatoka halirudi. Fundi aliinua uso unaochuruzika maji. "Mbona sijakuita?"

Ukungu ukashuka ghafla, ukawafunika. Mama Njia alipapasa, akawapata wote wawili, akawaburuta kushuka. Mwalimu alimfuata mumewe kimya, kiganja chake baridi ndani ya kiganja cha mumewe.

Ndipo kilio kikasikika kule juu. "Mume wangu! Mguu umenasa! Unaniacha na nani?"

"Usigeuke, baba," Mama Njia alisihi.

Fundi alimkazia macho mwanamke aliyemshika mkono. "Siku niliyokuja kwenu kuposa," alisema, "nilichanikiwa na nini?"

"Suruali."

"Suruali!" ikajibu sauti ya juu, kwa pamoja. "Fundi mzima!" Ila ile ya juu ilikuwa inalia.

Akauachia ule mkono, akapanda mbio akiteleza kwenye matope, matawi yakimchapa usoni, huku nyuma yake sauti ya mkewe ikimbembeleza arudi na mbele yake sauti ya mkewe ikizidi kufifia, mpaka akamkuta ndani ya kidimbwi, maji yamemfika kidevuni, mguu umebanwa na mizizi, akamng'oa kwa nguvu zote.

Waliposhuka, Mama Njia alikuwa peke yake, ameketi chini.

"Yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Nilimshika. Akayeyuka mikononi mwangu kama povu." Alijipangusa viganja. "Halafu akacheka, kwa sauti yangu."

Maharusi waliondoka salama. Mama Njia alibaki kwake, na kwa muda kukawa shwari.

Alasiri moja alikuwa chumbani akikunja nguo. Mumewe, mpishi wa nyumba ya wageni, akaingia polepole, uso umempauka, akafunga mlango nyuma yake.

"Kumbe uko humu," alisema. "Na huyo anayeniita uani ni nani?"

Mama Njia alisimama, nguo zikamdondoka mikononi. "Mume wangu, hukuitika, sivyo?"

Mpishi aliegemea mlango. Huko nje, sauti ya Mama Njia ikaita tena, taratibu, karibu zaidi.

"Nimeshaitika," mumewe akanong'ona.