Kinachonyonya Mvukeni

Maji yaliposhuka kwenye tundu la stoo, kitu kikakohoa huko chini.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kama cha mtoto aliyepaliwa na uji, na Spana alikisikia vizuri kwa kuwa alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na bomba. Akasubiri. Hakikurudia. Basi akafanya kile wanachofanya mafundi wote wakikutana na jambo wasilolijua: akalipa jina.

"Hewa," akasema, akafuta mikono kwenye suruali.

Spana alikuwa fundi bomba, mdogo wake Mama Kipusa, na siku ile alikuwa akimfungia shemeji yake mtambo wa mvuke. Shemeji mwenyewe, Baba Kipusa, alikuwa dereva wa malori, mgongo umemgomea. Tangu aonje chumba cha mvuke katika hoteli moja safarini, nyumbani hapakukalika: mvuke, mvuke, kutwa mvuke. Mwishowe bafu la nyuma likavishwa vigae vyeupe mpaka darini, likawekwa benchi na mlango wa kioo, na mtambo, sanduku la chuma lisilozidi begi la safari, ukatundikwa ukutani stoo, upande wa pili.

Kasoro ilikuwa moja. Mtambo wa namna hii ukimaliza kazi hutapika maji yaliyobaki tumboni, yangali yanachemka, ili chumvichumvi ya maji isigande ndani. Maji hayo yanataka njia, na njia ya halali ilikuwa kuchimbua sakafu ya koridoni mpaka kwenye bomba kuu.

"Vunja kigae changu kimoja tu," Mama Kipusa alimwambia mdogo wake, "na mimi nikuvunje wewe."

"Dada, hiki kitu kinataka kufuatwa utaratibu wake."

"Utaratibu ni vigae vyangu vibaki vilivyo. Fundi gani wewe hujui njia nyingine?"

Hapo alimpata. Spana mguse popote, usimguse kwenye ufundi. Akazunguka stoo, akasogeza magunia, akakuta bamba la jiwe kwenye kona. Akalibandua kwa mtaimbo. Chini yake palikuwa na tundu la zamani lililojengwa kwa matofali, kavu kabisa, halina hata harufu. Nani aliliziba na kwa nini, hakujisumbua kuuliza. Akatumbukiza bomba lake humo, akajisifu mwenyewe kwa sauti.

Jioni Baba Kipusa akaoga mvuke mpaka akatoka amelainika, anatabasamu peke yake. Mtambo ukajizima, ukatapika maji yake, na chumbani mtoto wao akapiga ukelele.

Kipusa alikuwa hajaota hata jino. Walimpata baada ya miaka mingi ya kusubiri, ile miaka ambayo ndugu huacha hata kuuliza, na mama yake alizijua sauti zake zote: ya njaa, ya usingizi, ya deko. Hii hakuijua. Alimkuta amejikunja, mguu wa kushoto mwekundu kuanzia kwenye kifundo kushuka chini.

"Joto tu hilo," alisema mumewe. "Upele."

"Upele gani unatoka ghafla hivi, Baba Kipusa?"

Mumewe akampaka mtoto poda. Kesho yake akaoga tena, mtambo ukatapika tena, na mtoto akapiga ukelele uleule. Safari hii stoo ilinuka nywele zilizoungua.

Asubuhi iliyofuata Mama Kipusa alikuwa akikunja nguo, nyumba tulivu, jua limejaa dirishani. Akasikia mtoto analia. Akaenda mbio chumbani. Kipusa amelala, mdomo umefumba. Akasimama pale amemkodolea macho mwanawe aliyelala huku kilio kikiendelea, dhaifu, cha mtoto aliyelia mpaka akachoka, kikitokea upande wa stoo, na chini ya kilio hicho, alipotega sikio vizuri, palikuwa na sauti nyingine nzito, ya mtu anayebembeleza bila maneno, hmm, hmm, hmm, kama anayetingisha kitu magotini gizani.

Alimpigia simu mdogo wake. Spana akaja akicheka, ila kicheko kilimwishia mlangoni, harufu ilipompiga.

"Nenda stoo," dada yake alimnong'oneza. "Fungulia maji ya moto kidogo tu. Usiniambie lini. Mimi nitakaa na mtoto."

"Dada, ya nini kumjaribia mtoto mambo haya?"

"Nataka kujua kama nina wazimu."

Alikaa kitandani, Kipusa mapajani, soksi amemvua. Alikuwa akimtazama mguu, anamtekenya kidole gumba, mtoto anacheka, na kicheko kilikuwa bado mdomoni pale ngozi ilipoanza kubadilika, nyekundu kwanza, kisha ya kung'aa, kisha ikavimba mbele ya macho yake, lengelenge likanyanyuka polepole juu ya unyayo ule ambao haujawahi kukanyaga chini, bila tone la maji kumgusa, bila moto wowote chumbani, na mtoto akapiga ukelele, na kule stoo ukajibu ukelele wa pili, sawasawa na wa kwanza.

Spana aling'oa waya wa umeme. Alasiri ile chumba cha mvuke kilijaa mvuke hata hivyo. Ulikuwa mvuke wa baridi. Ulikilowesha kioo kwa ndani, na kwenye kioo pakatokea alama ya kiganja kirefu kupita kiasi, kikateleza taratibu mpaka chini.

Kipusa akakataa ziwa. Kila kilio cha chini kilipopungua nguvu, naye alipungua, mpaka akawa anatoa sauti ya kukwaruza tu. Daktari aliuona mguu, akautibu, akawatazama wazazi kwa jicho la mashaka. Hakuweza kueleza kwa nini mtoto hataki kunyonya. Ndipo wakamwita Mkunga.

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mkoba mkubwa na miwani ya kamba, mkunga wa hospitali aliyestaafu, na siku hizo watu walimwita zaidi kwa mambo ambayo hospitalini hayamo. Alivua viatu bila kuambiwa, akainama kwenye tundu kwa taabu, akasikiliza muda mrefu. Akasema kitu huko chini kwa sauti ya upole. Alipoinuka, uso ulikuwa umembadilika.

"Huko kuna mzazi," alisema. "Mmemchemshia mtoto wake."

Baba Kipusa akamvuta mwanawe kifuani.

"Mtoto yu hai, lakini hanyonyi. Mama maziwa yamemkauka kwa hofu. Na wao hukauka kama sisi. Amemfunga mwanao na mwanawe. Wake akiungua, wako anaungua. Wake akikosa, wako anakosa. Na wake akifa..." Akavua miwani, akaifuta.

"Naliziba sasa hivi hilo shimo!" Spana alisema. Saruji alikwisha kuikoroga nje.

"Ziba, mwanangu. Halafu uchimbe na kaburi dogo."

Spana akakaa chini palepale, akaanza kulia. Mama Kipusa hakumtazama. Alimtazama mwanawe mikononi mwa mumewe, zile mbavu, ule mdomo mkavu.

"Anataka nini?" aliuliza.

"Ziwa lako."

Baba Kipusa alisema haiwezekani, alisema wataihama nyumba usiku huohuo, akasema mengi, na alipokuwa bado anasema, mkewe alikwisha kuingia kwenye chumba cha mvuke na kuufunga mlango.

Aliketi kwenye benchi. Mvuke ulikuwa mzito, huoni mkono wako, na baridi yake iliingia mpaka mifupani. Alifungua vifungo huku meno yakigongana, na akasubiri, na hakuna kilichotokea kwa muda mrefu isipokuwa matone yanayodondoka kutoka darini, kisha ile harufu ya nywele zilizoungua ikamkaribia, ikasimama mbele yake, ikainama, na uzito mdogo, laini, uliolowa, ukawekwa mapajani mwake kwa uangalifu ule ambao mzazi huwa nao, na midomo baridi kama chuma ikatafuta, ikapotea, ikatafuta tena, ikamshika. Alitaka kupiga kelele. Aliuma kanga yake. Nyuma ya bega lake kitu kilikuwa kikipumua, karibu sana, kikiangalia.

Nje ya mlango Kipusa alipiga chafya, akaanza kulamba midomo.

Basi Mama Kipusa akawa anaingia kila siku. Aliogopa kila siku, wala hofu haikuzoeleka. Lakini vidole vyake mvukeni vilihisi malengelenge yale yakikauka, ngozi ikirudi, na kitu cha aibu kikampata, huruma. Kipusa naye akanenepa, akacheka, ila kovu la unyayo lilibaki, limekunjamana kama karatasi.

Mkunga akarudi. "Wa kule amepona," alisema. "Leo wafunguliwe. Utawanyonyesha wote wawili pamoja, wako huku, wake huku, kisha kila mama atamchukua wake. Usiseme neno. Wala usimwite wako. Wale ni hodari wa kuiga, na wanakua kwa kumwangalia mwenzao."

Mama Kipusa aliingia na mwanawe kifuani. Uzito wa pili ukaja. Wakanyonya wote wawili, huyu huku na yule huku, na zamani angewajua kwa joto, lakini ile baridi ilikuwa imekwisha kuwaingia wote, na kila alipopapasa kulia alikuta shavu, na kushoto shavu, nywele laini, sikio dogo, sikio dogo, na katikati ya ukungu kiganja kile kirefu kikaja, kikamgusa wa kwanza, kikasita, kikamgusa wa pili, kikasita tena muda mrefu kama mtu asiye na hakika, kisha uzito mmoja ukanyanyuliwa kutoka mapajani mwake.

Mvuke ukapotea mara moja, kana kwamba mtu amefungua dari. Mapajani alikuwa Kipusa wake, mashavu yake, nyusi zake. Baba Kipusa alimkumbatia mkewe na mtoto pamoja, analia bila kuficha. Mkunga alishukuru kwa sauti. Spana akashusha saruji tunduni, ndoo baada ya ndoo, akarudishia bamba juu.

"Hebu muone," Baba Kipusa alisema baadaye, amemshika mtoto mguu, anaubusu unyayo. "Hata kovu limeondoka! Laini kabisa!"

Mama Kipusa aliutazama unyayo ule. Akampokea mtoto, akaenda kuketi naye chumbani, akampa ziwa. Midomo ikamshika.

Ndipo akasikia, kwa mbali, chini ya saruji ile mbichi, mtoto akilia. Hakikuwa kilio cha siku zile. Kilikuwa cha njaa, cha kukatakata, chenye kwikwi mwishoni, kilio alichokuwa akikiitikia hata usingizini tangu mwanawe azaliwe. Maziwa yakaanza kumchuruzika yenyewe kwenye ziwa la pili. Akafungua mdomo amwite mumewe.

Mtoto aliyempakata akaacha kunyonya. Akageuza kichwa kuelekea stoo, akasikiliza naye. Kisha akamtazama Mama Kipusa usoni, akanyanyua kiganja chake kidogo, akakiweka juu ya midomo ya mama huyo, kwa upole, asiseme.