Sekunde Sita za Mizani

Kipungu namba mia mbili na nne kiliinuka kutoka paa la Bohari Kuu ya Dharura kikiwa na kilo arobaini za unga, maharage na mafuta, kikageukia kusini na kupotea kwenye manyunyu. Nyuma yake kikafuata cha mia mbili na tano. Hakukuwa na rubani. Vipungu, ndege ndogo zenye mabawa manne, vilipokea amri kutoka kwa Mizani, akili unde iliyokabidhiwa jiji zima la Tanga siku nne zilizopita, kimbunga kilipobomoa madaraja na kuligawa jiji vipande vipande.

Kazi ya Mizani ilikuwa kujua nani ana njaa kabla njaa haijamtoa roho. Kwa upande mmoja ilihesabu kilichomo boharini. Kwa upande wa pili ilipigia simu kila kaya asubuhi na alasiri, ikiuliza kwa sauti ya kike, ya upole: "Habari za hapo nyumbani, na hali ya chakula?" Jibu likapimwa, kaya ikapakwa rangi kwenye ramani, nyekundu kwa njaa na kijani kwa shibe, na simu ikakatwa. Sekunde sita tu. Ilipiga maelfu ya simu kwa mpigo, na kabla chai haijapoa jiji zima lilikuwa limeshaulizwa.

Mhandisi Rukia Shemboza ndiye aliyeiunda Mizani, lakini asubuhi hiyo macho yake hayakuwa kwenye vipungu. Alikuwa anamchunguza mtu mmoja.

Mtaa wa Mivumoni ulikuwa kijani kitupu. Kaya mia nne na kumi na mbili, zilizoulizwa mara nane tangu kimbunga, na mara zote zimejibu kuwa hali ni nzuri. Hata hivyo wakala wa chakula wa mtaa huo, Ayubu Kihiyo, alikuwa ameshatuma maombi ya chakula mara kumi na moja. Wakala ndiye mtu pekee wa mtaa aliyeruhusiwa kuiandikia Mizani, na Mizani ilimkatalia kila mara kwa maneno yale yale: maombi hayalingani na majibu ya kaya.

"Chakula hiki anamtakia nani?" Rukia alimuuliza Damiani Mhina, mkuu wa bohari, mtu mzima asiyependa kuharakisha neno.

"Huenda watu wana njaa, dada Rukia."

"Watu wenyewe wanasema hawana. Hapa kuna mkono wa mtu."

Alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Katika mafuriko ya utotoni mwake, unga wa msaada ulionekana dukani kwa kiongozi wa mtaa wao, mifuko imegeuzwa ndani nje ili mhuri usionekane, na mama yake aliununua akijua fika anachonunua. Tangu hapo Rukia hakumwamini yeyote anayesimama kati ya chungu na mlaji. Ndiyo maana aliunda mtambo unaomruka wakala na kumuuliza mlaji mwenyewe.

Akampigia Ayubu. Sauti iliyopokea ilikuwa imekauka.

"Bwana Ayubu, nitajie kaya isiyo na chakula."

"Zote, mhandisi."

"Zote zimejibu leo asubuhi kuwa hali ni nzuri."

Ayubu alikaa kimya kitambo. Rukia aliusikiliza ukimya ule kwa makini, akauona ni wa mtu anayetafuta pa kutokea.

"Watakuwa wamesema nzuri, ndiyo," Ayubu alisema hatimaye. "Njoo uwaone, mhandisi."

Njoo uwaone! Madaraja yamekatika, maji yamefika madirishani, na yeye anakaribisha wageni. Rukia akakata simu, akamfutia Ayubu uwakala, kisha akawaagiza mgambo wa kata wampekue na kumshikilia. Kufika alasiri taarifa ikarudi: nyumbani kwa mtuhumiwa limekutwa debe moja la unga, limebaki nusu, na ukutani juu yake majina ishirini na saba yameandikwa kwa chaki. Rukia alisoma kwa kuridhika kwa mtu aliyebashiri sawasawa. Majina yale, alimwambia Damiani, ni ya wateja.

Damiani alikuna kidevu, akaisoma taarifa ile upya.

Siku iliyofuata maji yalipungua na boti ya mpira ikaweza kupita. Rukia alikwenda mwenyewe kukusanya ushahidi, na Damiani akafuatana naye. Mivumoni ulikuwa mtaa wa watu wa makamo na wazee, walimu wastaafu, makarani wa reli wa zamani, mafundi wa kofia, watu ambao hata baada ya kimbunga walikuwa wamefagia tope barazani na kuvaa nguo za kutokea. Wawili hao walisalimiwa kila nyumba. Jambo moja tu lilimtatiza Rukia: hapakuwa na harufu ya jiko lolote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Kauthari, mwalimu mstaafu. Alimpokea amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Habari za utokako?"

"Njema. Habari za hapa?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

"Wazima wote?"

"Wazima."

Rukia akamtupia Damiani jicho la umesikia mwenyewe. Akaifungua kompyuta yake ya mkononi, akaandika: kaya ya kwanza, hali nzuri. Damiani alikuwa ameshakaa barazani, na kwa kuwa yeye amekaa, ikabidi Rukia naye akae. Bi Kauthari alijishusha taratibu kwenye mkeka, akatandaza khanga magotini.

"Ila chakula hatuna tangu Jumamosi," alisema. "Juzi tumegawana kikombe cha unga na jirani. Jana maji matupu."

Vidole vya Rukia vilisimama juu ya kompyuta.

"Bibi, mtambo umekuuliza mara kumi. Mara zote umesema nzuri."

"Nimeitikia. Mtu akikuuliza habari utamwanzia na njaa? Unaitikia kwanza, kisha ndiyo unaeleza. Kila nikifika kwenye kueleza, simu imekatika. Nikasema ni mtandao huu wa kimbunga."

"Na hamkumwambia wakala?"

"Tulimwambia. Akasema ameomba, amekataliwa. Nani angemwamini? Mtambo wa serikali utupigie kutwa mara mbili halafu usilete kitu? Tukajua chakula kimekuja na yeye amekikalia. Watu wakaacha hata kumsalimia. Jana walipokuja kumchukua, wapo waliopiga makofi." Akamtazama Rukia usoni. "Mimi nilipiga."

Rukia aliona aibu. Alikuwa mzaliwa wa Tanga. Alijua vizuri kuwa mtu mwenye maiti ndani bado atakwambia nzuri mlangoni, halafu ndiyo akuketishe na kukupa habari yenyewe. Katika majaribio, simu za Mizani zilichukua dakika nne nne, kwa sababu watu waliitikia, wakaisalimia nayo, wakaiuliza watoto wake hawajambo. Vijana wa mitaa ya bandarini tu ndio waliojibu moja kwa moja kuwa njaa inawaua. Rukia aliambiwa mtambo una mwendo wa jahazi bovu, naye akakaa mezani na kuufundisha kwamba jibu la kwanza ndilo jibu. Yaliyofuata jibu hilo aliyaandikia jina kwenye michoro yake: maneno ya ziada.

"Debe la unga je, bibi? Lenye majina?"

"La kwake mwenyewe. Aliwapimia wenye wagonjwa na watoto wachanga. Na mama yake, hajiwezi, alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko." Bi Kauthari alisita. "Tangu jana sijaona mtu akiingia mle ndani. Nani aingie kwa mwizi?"

Rukia alipiga simu mbili akiwa ameinuka tayari. Ya kwanza kwa mgambo, wamwachie Ayubu mara moja. Ya pili bohari: Mivumoni yote ipakwe nyekundu kwa mkono, na kila mtaa wa kijani upigiwe upya na binadamu, binadamu anayejua kusubiri. Damiani alisema atabaki kupokea mizigo. Hakumwambia Rukia neno la kumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Ofisi ya kata ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa Ayubu, kwa hiyo Rukia alipofika nyumbani kwake alimkuta amekwisha kurudi. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa. Mwanamume huyo, mwembamba, shati limeganda tope, alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alipomwona mgeni akainuka.

"Hodi, Bwana Ayubu."

"Karibu, mhandisi."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

Juu ya mapaa kilisikika kipungu cha kwanza kikiingia Mivumoni, na mtaani watu wakaanza kuitana. Rukia alikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi na yote yalikuwa yamefika kooni. Akayazuia. Akatafuta mahali kwenye sakafu yenye tope, akaketi, akasubiri. Kipungu kilishusha mzigo, kikaondoka. Kikaja kingine.

"Ila mama hatunaye," Ayubu alisema.