Chai ya Washenga

Kinoaulimi, chombo kisichozidi ukubwa wa kijiko, kiliwaka juu ya ulimi wa Naila, kisha kikazima. Daktari Shemsa, mama yake na mvumbuzi wa chombo hicho, akatabasamu. Ndani ya seli za ulimi amri ya chombo ilikwisha fika kwenye kiini. Ribosomu zikaanza kuunda vipokezi vya utamu, vifuko vya Golgi vikavifungasha na kuvisafirisha hadi kwenye utando wa seli, vikakae nje kupokea wageni. Seli yenye vipokezi tele huhisi utamu wa punje moja tu ya sukari. Jiji zima la Tanga lilikuwa limenolewa ndimi, na sukari haikuuzwa tena dukani.

Mchana huo washenga walikuja kumposa Naila. Walitoka Wete, ambako kinoaulimi hakijafika. Shemsa akawapikia chai mwenyewe, punje moja kila kikombe, akaionja. Tamu ajabu!

Mzee Haroub, kiongozi wa washenga, akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Bi Shemsa," akasema taratibu, "kama hamtutaki, si mngesema tu? Ndiyo mtunyime hata sukari?"

Naila akamgeukia mama yake. Shemsa akaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Yeye anayeijua njia ya kila kipokezi, kasahau kwamba wageni wamekuja na ndimi zao!

"Nisamehe, mzee wangu. Kosa ni langu." Akakimbilia mkoba wa kazini, akatoa chupa ya sukari ya maabara, akaimimina yote kwenye birika.

Haroub akaonja, uso ukakunjuka. "Hii sasa ndiyo chai. Mbona wewe hunywi?"

Mwenyeji hakatai. Shemsa akanywa. Utamu ukampanda hadi utosini, machozi yakamtiririka, kamasi nazo hazikubaki nyuma.

"Masikini, anamlilia mwanawe," Haroub akasema, naye akitafuta leso. "Nyamaza, mama. Tutamtunza kama wetu."

Shemsa akafungua kinywa aeleze habari za vipokezi. Akamwona Naila akicheka ndani ya mtandio, kicheko kile kile cha utotoni, akafunga kinywa.

Kikombe kilikwisha, na utamu ukatoka ulimini. Machozi hayakukoma.