Wali Chini ya Kawa

Magharibi ile Hasifa alikuwa anarudi kutoka dukani, hapo hapo Vitongoji, na udi wa Bi Mwanapili mkononi. Msichana wa Iganga, Uganda, aliyekuja Pemba kusomea ualimu, sasa anatumwa dukani kama mzaliwa wa mtaa ule! Mwenyewe alijisikia raha. Wiki ya kwanza harufu ya papa mkavu ilimtapisha hadi nyongo, na Bi Mwanapili, mjane aliyempangisha chumba, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Utazoea, mwanangu. Weye sasa ntoto wa nyumba hii."

Na akazoea. Alijifunza kula kwa mkono, kuoga kwa kata na kufunga kanga isimvuke njiani. Zaidi ya yote alijifunza kubana pumzi, kumeza, na kusema "tamu". Tabia njema hiyo, ndivyo alivyodhani masikini. Alijua pia kwamba chakula chake cha usiku huwekwa ukumbini chini ya kawa la ukindu, wala hangoji kukaribishwa.

Kitu kimoja tu hakukizoea: chumba cha mwisho. Mle alilala Bi Kazija, dada mkubwa wa Bi Mwanapili, mgonjwa wa kitandani. Kila siku Hasifa humwamkia mlangoni, na jibu halijapata kuja. Huja harufu tu... harufu ya kidonda kilichofungwa bendeji ikasahauliwa.

"Hodi!" aliita siku hiyo.

Umeme ulikuwa umekatika. Akawasha tochi ya simu. Kawa lilikuwepo mahali pake. Akafunua.

Wali mweupe, umerundikwa katikati ya sahani, bila mchuzi. Ulikuwa na majimaji. Akatia tonge mdomoni.

Uvuguvugu... laini... hauna punje. Kama chakula anachotafuniwa mtoto mchanga na mama yake.

Alitaka kutema. Lakini mgeni mwenye adabu hatemi chakula cha watu! Akabana pumzi, akameza, na kwa pumzi ile iliyobanwa hata bismillahi haikumtoka. Akatia tonge la pili. Ndipo aliposikia mtu anatafuna.

Si yeye.

Nya... nya... nya... Sauti ilitoka chumba cha mwisho. Hasifa akitafuna, nayo inatafuna. Akaacha. Ikatafuna mara moja zaidi, ndipo ikaacha.

Kitu kikamnasa ulimini. Akakivuta kwa vidole. Unywele mweupe. Akavuta, ukaja. Akavuta tena, ukaja, mrefu, wenye utelezi, unamkwaruza koo, mpaka ukatoka na kitu mwishoni.

Ukucha wa mtu. Wenye hina.

Akainama atapike. Hakikutoka kitu, hata mate.

"Usijisumbue," ikanong'ona sauti nyuma yake. Bi Mwanapili alikuwa amesimama mlango wa uani, amejifunika kanga hadi mdomoni. "Ulisema bismillahi?"

"Si... sikusema."

Mama yule akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Bi, hiki ni nini? Nani kapika?"

"Nimepika mie. Dada kakutafunia."

Kinyaa kilimtambaa Hasifa mwili mzima. Alijifuta ulimi kwa kanga, akaufuta tena, akaufuta hadi ukatoka damu, na ladha ile haikuondoka.

"Shetani wake ataka kiti cha kukalia, mwanangu. Dada anakwisha. Angenikalia mie, na mie nna wajukuu nnaolala nao kitanda kimoja. Weye huna ntu hapa."

"Ulisema mimi mtoto wa nyumba hii!"

"Ndo umekuwa." Bi Mwanapili akaokota pakiti ya udi iliyomwanguka Hasifa. "Na huyu havuki maji. Ukitaka kurudi kwenu, mtafutie ntu mwengine."

Alfajiri Bi Kazija akafariki. Wanawake wa mtaa walimwosha, Hasifa akiwa amesimama mlangoni kushika ndoo. Taya lilipolegea, aliona ndani ya kinywa. Marehemu hakuwa na jino hata moja.

Basi nani alitafuna?

Hasifa akahamia dahalia, bweni la wanafunzi, Chake Chake. Mwezi haujaisha, akakimbilia bandarini Mkoani ili arudi kwao, masomo na yaende. Boti ilipoanza kufungua kamba, kinywa kikamjaa nywele. Alirukia gatini, akaanguka kwa magoti, akawa anazivuta mbele za watu. Watu wakasema msichana wa watu kaugua.

Likizo ilipokaribia, mama yake akapiga simu. "Mwanangu, unakula vizuri?"

"Nakula, mama."

"Nimekumiss hadi silali. Utarudi lini?"

Hasifa alitazama kitanda cha pili, cha Shadya, mwanafunzi mpya kutoka kisiwa cha Ngazija, mgeni kama yeye. Msichana mpole. Chumba kinamnukia vibaya lakini hasemi. Anachopewa anakula, anasema "tamu", asije akaonekana ana maringo.

"Likizo hii, mama. Inshallah."

Akakata simu. Shadya alikuwa bafuni, maji yanasikika. Hasifa akavuta sahani ya wali, akatia tonge, akatafuna taratibu bila kumeza. Machozi yalimtiririka kwa kujichukia. Kilichomtia kinyaa kuliko vyote ni kwamba ulikuwa mtamu.

Mlango wa bafuni ukafunguliwa.

"Shadya," akanong'ona, akijifuta midomo, "chakula chako nimekufunikia."